Bakuli la Kwanza ni la Khoat

Ninalotaka kuwasimulia hamtaliamini, na siwalaumu. Hata mimi nisingeliamini kama nisingekuwapo mwenyewe, nimekalia kigoda cha plastiki, vijiti mkononi, tumbo likinguruma. Ni habari ya mama aliyejaza wateja kwa sababu alikataa kuuza. Naona mmeanza kucheka. Chekeni, wapwa zangu, lakini cheko lenu litawageukia.

Hapa Hai Phong, mji wetu wa bandari, wanoa visu ni wengi, ila Khoat ni mmoja. Ni mrefu na mkavu kama ukuni uliosahauliwa juani, na ana pua inayofika kwenye kona kabla yake. Jiwe lake la kunolea amelifunga nyuma ya baiskeli; akiisimamisha baiskeli kwa stendi na kukanyaga pedali, jiwe linazunguka na cheche zinaruka mpaka kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Alizaliwa Tien Lang, mashambani kwenye mpunga, akalelewa na shangazi yake. Alipopata misuli akaja mjini kubeba magunia bandarini, akabeba mpaka mgongo ukamwambia basi. Ndipo akanunua jiwe. Mkewe alishatangulia zamani, mwanawe ni baharia anayekuja nyumbani akikumbuka, na chumbani mwake, mwisho wa kichochoro chetu, anaishi na ndege wa tunduni ambaye alinunuliwa kwa ajili ya kuimba na hajaimba hata siku moja.

Lakini si visu vilivyompa jina. Ni nyota yake.

Muuza chakula wa kwetu hamwogopi askari wa barabarani kama anavyomwogopa mteja wa kwanza. Huyo ndiye ufunguo wa siku. Akija mwenye nyota nyepesi, akaagiza bila kuuliza bei, akala, akalipa, akaenda zake, chakula kitakwisha mapema na mama atarudi nyumbani akiimba. Akija mwenye nyota nzito, akachungulia, akauliza bei, akakunja uso na kuondoka, siku imeoza. Hapo muuzaji atawasha kipande cha gazeti, atakizungusha juu ya jiko na chini ya meza kufukuza nuksi, huku akimtaja yule mtu na ukoo wake wote kwa majina ambayo mimi, kwa elimu yangu ndogo, sijui hata yanaandikwaje.

Nyota ya Khoat iligunduliwa na Bi Mui, muuza mikate. Ile mikate yetu myembamba kama kidole, inayopakwa maini ya kusagwa na pilipili inayomfanya mwanamume mzima amkumbuke mama yake. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, Khoat akapita na baiskeli, akanunua mmoja akala amesimama, akaondoka. Hajafika kona, wafanyakazi wa zamu ya usiku bandarini wakamiminika wakamaliza kikapu chote. Kesho yake Bi Mui akamvizia, ikawa vilevile. Siku iliyofuata akamnong'oneza dada yake peke yake, naye dada akamnong'oneza mwenzake mmoja tu, na hivyo ndivyo siri inavyohifadhiwa Hai Phong.

Tangu hapo Khoat hajajua raha ya njaa. Alfajiri anamfungulia Bi Mui mikate, yaani ndiye mteja wake wa kwanza. Jua likitoka, anafungua uji wa mchele pale karibu na soko. Mchana nyama iliyofungwa kwenye majani na kuchomwa. Jioni konokono waliochemshwa kwa mchaichai na tangawizi, ambao lazima uwavute kwa mfyonzo mpaka jirani asikie. Magharibi, maharage matamu yenye barafu. Safari moja muuza konokono alikuwa na harusi ya jioni, akafungua asubuhi, na Khoat akafyonza konokono kabla ya chai, machozi yakimlenga. Na kulipa lazima alipe, maana chakula cha bure hakifungui kitu. Na jambo kubwa kuliko yote: mfunguzi hasemi neno juu ya chumvi. Iwe imezidi, iwe imekosekana, anameza, anashukuru, anakwenda.

Basi kulikuwa na Thoa.

Thoa ni mjane, mfupi, mwenye mikono ya mtu anayetwanga. Anauza tambi pana za kahawia kwenye supu ya kaa. Si kaa wa baharini, la. Ni wale wadogo wa kwenye mpunga, anawatwanga pamoja na magamba, anachuja, anabandika, na ile nyama inapanda juu ya sufuria kama wingu lenye kutu. Juu yake anamwaga vitunguu vya kukaanga. Ukipita upande wa pili wa barabara ukiwa umeshiba, unavuka.

Miaka yote aliuza mbele ya nyumba ya mtu. Mwenye nyumba akataka mbele yake auze simu. Thoa akahamisha sufuria, vigoda na jiko mpaka kwenye mdomo wa kichochoro chetu, chini ya ngazi ya chuma, mahali ambapo hapana mwingine aliyepataka. Sababu yake ilijulikana: pale pamekula watu wawili. Alianza muuza uji, akafilisika. Akaja muuza tofu ya kukaanga, mtu mchangamfu, kabla ya sikukuu ya mwaka mpya alikuwa amesharudi kwao na uchangamfu wake umekwisha.

"Nitajaribu hapo," Thoa alituambia. "Pakinikataa, nauza sufuria, napanda treni kwenda Saigon kwa binti yangu nikalee mjukuu ghorofani. Ananiita kila siku."

Khoat alikuwa ananoa kisu cha Bi Mui aliposikia hayo. Alikinoa mpaka kikabaki nusu.

"Mdogo wangu," Bi Mui akamwambia, "nilikuletea kisu, unanirudishia sindano. Una nini?"

"Chuma chako kibaya, dada mkubwa."

"Chuma changu kimekaa na mimi kuliko mume wangu. Ubaya uko kwingine. Umekaa Saigon."

Khoat akakirudisha kisu kwenye jiwe. Anazipenda tambi za kaa, ndivyo anavyosema, na sisi tunamwachia aseme.

Thoa mwenyewe alikuja kwake akiwa na upawa mkononi, maana yeye huutumia kuongea kama wengine wanavyotumia vidole.

"Kaka Khoat, Jumapili nafungua. Wa kwanza ni wewe, sitaki mwingine."

"Hata akija meya?"

"Atakaa kwenye kigoda asubiri."

"Na nikichelewa?"

"Tambi zangu hazitagusa maji kabla sijaiona hiyo pua yako."

"Pua yangu ina kosa gani?"

"Haina kosa. Nitaiona mapema nipate kukoroga."

Akaondoka, na Khoat akabaki ameshika pua yake kama mtu aliyepewa zawadi.

Siku ileile ikaja simu kutoka Tien Lang. Shangazi yake, yule aliyemlea, amefariki.

Alikuwa bibi aliyekula chumvi nyingi, mwenye meno yaliyopakwa rangi nyeusi kama walivyojipamba wanawake wa zamani, na alikufa usingizini akiwa amekwisha kula. Kifo cha namna hiyo kwetu hakililiwi kwa mayowe. Watu walikuja, wakala, wakapiga tarumbeta, wakakumbushana vituko vyake. Khoat alizika vizuri, akacheka na wenzake, mpaka alipopita jikoni akaona sufuria ya wali imesafishwa. Bibi huyo alikuwa hamkwangulii mtu ukoko isipokuwa yeye, anautia sukari kidogo, anampa nyuma ya nyumba ili binamu zake wasione. Hapo akakaa juu ya kizingiti na kulia, mwanamume wa umri wake.

Jumamosi alirudi, kipande cha kitambaa cheusi cha msiba kimebandikwa kifuani. Na alipokuwa anaendesha baiskeli darajani ndipo alipokumbuka Jumapili.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye uzito. Mfiwa ndiye mwenye nyota nzito kuliko wote. Haendi harusini, haingii nyumba ya mtu siku ya mwaka mpya, na kufungua biashara ndiyo usiseme kabisa. Khoat akageuza jambo hilo kichwani kama anavyogeuza kisu. Akibandua kitambaa akaenda kimyakimya, anamtia Thoa nuksi kwa mkono wake mwenyewe, mahali ambapo tayari pamekula wawili. Akimtumia mtu ujumbe, habari ya kifo itatangulia mlangoni siku ya ufunguzi, nayo ni nuksi ileile iliyopanda mgongo wa mtu mwingine. Akaona bora ionekane bado hajarudi. Akaingiza baiskeli chumbani, akafunga mlango na dirisha, akamlisha ndege, akakaa kitandani kama mwizi. Thoa akiona hatokei, alijiambia, atamchukua mwingine.

Huyo ni mtu anayejua visu. Wanawake hajui.

Asubuhi ilikuwa ya ule unyevu wetu wa baada ya sikukuu, ambapo kuta zinatoka jasho na shati halikauki wiki nzima. Harufu ya supu ya kaa ikaingia chini ya mlango wa Khoat, ikapanda kitandani, ikakaa karibu naye. Kisha sauti zikaanza.

Wa kwanza kufika, kwa mkosi wa kila siku, alikuwa Mzee Phach. Huyo ni karani mstaafu, na starehe yake ni kuuliza bei. Mji mzima unajua nyota yake ni ya mawe.

"Bakuli bei gani leo?"

"Sijafungua, mzee," sauti ya Thoa.

"Sufuria inatoa moshi."

"Moshi ni bure. Vuta, kisha usogee pembeni."

Wakaja vijana wa bandarini. Wakaja akina mama waliotoka kutembea kando ya mto Tam Bac na fulana zao za mazoezi. Wote wakaambiwa hivyohivyo: bado. Mmoja akatoa noti.

"Weka mfukoni, mwanangu. Namngojea mtu."

"Mtu gani, mama? Sisi si watu?"

"Nyie ni watu. Yeye ni wa kwanza."

Wapwa zangu, wahenga walisema chema chajiuza, lakini hawakusema habari ya chema kinachokataa kuuzwa. Watu hawakuondoka. Mtu akikataliwa tambi anaanza kujiuliza tambi hizo zina nini. Waliopita na pikipiki wakapunguza mwendo.

"Mnapanga mstari wa nini?"

"Sijui, lakini mama anakataa hela."

"Basi lazima ni nzuri."

Wakaegesha. Bi Mui akaiacha mikate yake na mteja amenyoosha mkono, akaja kuona. Mimi nilikuwa nimeshakaa tangu mwanzo, kwa sababu nina akili.

Ndani, Khoat alisikia umati unakua, na kila sauti ilimchoma. Watu wote hawa wataondoka na njaa. Watasema Thoa amerukwa na akili. Na yeye mwenyewe ndiye ambaye mahali pale pamemtumia kumla mtu wa tatu. Alisimama, akakaa, akasimama. Halafu akasikia viatu vya mpira vinapiga maji kichochoroni, na nyuma yake viatu vingine vingi. Upawa ukagonga mlango.

"Kaka Khoat. Najua umo ndani. Baiskeli yako imechora tope mpaka kizingitini."

Ndani, kitanda kikalia.

"Kama umenidharau, sema. Nipande treni nikijua."

Hilo likamshinda.

"Nenda kauze, dada Thoa," akasema mlangoni. "Mchukue mwingine."

"Nani? Phach?"

"Hata Phach."

"Nimesikia hayo," akasema Mzee Phach kutoka nyuma.

"Phach akinifungulia leo, kesho nauza vigoda. Fungua mlango."

"Sifungui. Nimetoka mazikoni."

Umati wote ukarudi nyuma hatua moja, kama wimbi lililoona mwamba. Bi Mui akaanza kumwomba mtu kiberiti. Thoa peke yake alibaki alipo.

"Ni shangazi? Yule wa meno meusi?"

"Ndiye."

"Lini?"

"Siku ileile uliyokuja na huo upawa."

Thoa akaushusha upawa. "Umekula nini tangu urudi?"

"Chai."

"Chai ni kitu cha kula?"

"Dada Thoa, usinifanye nifungue. Unapajua mahali pale."

Hapo Thoa akaweka paji la uso kwenye mlango, na sisi wa nyuma tukalazimika kusogea ili tusikie vizuri, maana hakuwa anasema na sisi.

"Nilipomzika mume wangu," akasema, "kabla wiki haijaisha nilirudi kwenye sufuria na kitambaa cheupe cha msiba kichwani, kwa sababu watoto hawali msiba. Watu walivuka barabara kuniepa. Wengine wako hapa nyuma yangu, sitawataja. Akaja mtu na baiskeli, akaegesha, akakaa, akala bakuli langu mpaka tambi ya mwisho. Na siku ile nilikuwa nimesahau chumvi kabisa, sikujua mpaka nilipoonja jioni."

"Nilijua," sauti ya Khoat.

"Kwa nini hukusema?"

"Mfunguzi haongelei chumvi."

"Hukuogopa nuksi?"

"Niliogopa. Nilikuwa na njaa pia."

"Muongo wee," akasema Thoa, lakini kwa sauti ya chini. "Basi na mimi leo naogopa. Toka uje ule."

Kisha komeo likalia.

Alitoka kama alivyo, nywele zimesimama upande mmoja, kitambaa cheusi kifuani, na hakukificha. Watu wakampisha njia kama wanavyopisha jeneza. Akakaa kwenye kigoda. Thoa akachovya tambi, akazikung'uta, akamwaga supu, akaweka nyama ya kaa, akaongeza nyingine, akaongeza vitunguu, mpaka bakuli likawa na mlima. Tulimtazama anavyokula jinsi watu wanavyotazama penalti. Bi Mui alikuwa na gazeti mkono mmoja na kiberiti mkono mwingine, hajui amfukuzie nani nuksi. Khoat alikula polepole. Katikati aliacha, akatazama ndani ya bakuli muda mrefu, akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, na hakuna aliyesema ni pilipili. Akamaliza. Akalipa. Akashukuru. Akasimama kwenda zake, kama sheria inavyotaka.

"Kaa," Thoa akamwambia.

"Mfunguzi hakai."

"Umeshafungua. Sasa wewe ni mteja tu. Kaa."

Akakaa.

Kila mtu anamngojea mwenzake awe wa pili, maana hakuna kinachosema wa pili haambukizwi. Basi aliyesogea, hili nalo hamtaliamini, alikuwa Mzee Phach. Akavuta kigoda, akafuta kiti kwa leso.

"Bakuli moja," akasema.

Tukangoja aulize bei. Hakuuliza. Nadhani kuitwa "hata Phach" kulimwingia. Thoa akampa, akala, akanywa supu mpaka chini, akaangalia pembeni.

"Chumvi iko sawa," akasema.

Basi mlango wa neema ukafunguka. Watu waliokuwa na njaa tangu jua kutoka walishambulia vigoda, waliovikosa walikula wamekalia pikipiki, wengine ngazini, bakuli juu ya magoti. Thoa alichovya na kukung'uta bila kuinua kichwa, na Khoat, mfiwa mzima, akajikuta anaosha mabakuli. Sufuria ilikwisha jua likiwa bado changa, akapika nyingine, nayo ikakwisha. Jioni binti wa Saigon alipopiga simu, nilimsikia Thoa anamjibu kwa masikio yangu haya: "Mlete mtoto huku likizo. Mimi nina kazi."

Mpaka leo pale chini ya ngazi hapana asubuhi isiyo na watu. Bakuli la kwanza ni la Khoat, na la kwanza likiisha, hasimami. Visu ananolea hapohapo, na cheche zake zinaruka karibu na sufuria, na Thoa anamtukana, na yeye anasogeza baiskeli kidogo tu, kiasi cha kutukanwa tena. Sasa hivi ninapowasimulia haya yuko kando yangu na kisu cha Bi Mui, anajifanya hasikii.

Lakini ile siku ya kwanza, wapwa zangu. Mstari ulianzia chini ya ngazi, ukatoka kichochoroni, ukapinda kwenye duka la dawa, ukavuka daraja, ukafika bandarini kabisa, na huko manahodha wa meli saba waliposikia harufu wakashusha nanga na kuteremka na mabakuli yao wenyewe, mmoja wao akiwa Mgiriki mwenye ndevu mpaka hapa, akanishika bega akaniambia mimi peke yangu, kwa lugha yetu safi, kwamba tangu azaliwe hajawahi—

"Meli ngapi?" akauliza Khoat. Jiwe limesimama.

"Saba. Kama hukuhesabu, ulikuwa unalia."

"Mlikuwa watu wa kichochoro, vijana wa bandari, na wapita njia wenye pikipiki. Daraja hakuna aliyelivuka isipokuwa mimi, Jumamosi. Na huyo Mgiriki ni fundi bomba wa mtaa wa pili, ana ndevu kwa sababu ya uvivu."

"Haya, tuseme meli moja. Lakini ilikuwa kubwa, na nahodha wake alipoonja supu alivua kofia akampigia dada Thoa magoti, nikaona kwa macho yangu mawili akimwambia kwamba yuko tayari kuiacha bahari na—"